Kogo Anataka Kutembea Tu

Kitu cha kwanza nilichoona ni kidole gumba cha Kogo, cha mkono wa kulia. Kilikuwa safi.

Mtu ambaye si wa Boito hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Hapa kwetu anayechuna majani chai ana kidole gumba cheusi, na kile cha pili pia, na weusi huo hautoki kwa sabuni. Utomvu unaingia kwenye nyufa za ngozi na kukaa humo. Kogo ndiye bibi yangu, mama yake baba, na jina lake ni Rodah. Amechuna majani tangu akiwa na miaka kumi na moja, na sasa ana sitini na nne. Sikuwahi kuona rangi ya kidole chake hadi asubuhi ile alipokuwa akinimiminia uji.

Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Majirani husema kwamba ukitaka kumsikia Chelimo akiongea, mkanyage mguu.

Lakini macho ninayo. Siku kumi kabla ya hapo Kogo alisema mgongo unamsumbua, akaniachia shamba. Mgongo huohuo haukumzuia kubeba ndoo mbili za maji kutoka mtoni. Na kila jioni alikuwa akisugua mikono kwa limau na jivu, ati ni dawa ya baridi.

Nilijua sababu mwezi wa kumi, wiki ile bonasi ya chai ilipoingia. Kogo alifungua Biblia yake, akatoa kijitabu cha buluu, akakiweka mezani kati ya vikombe.

"Paspoti," alisema. "Hii kitu imenitesa, wacha tu. Nilienda Kisumu, mashine ya vidole ikanikataa mara tatu. Kijana wa pale akaniambia, 'Mama, wewe huna alama za vidole.' Nikamwambia ninazo, ziko chini ya chai. Akasema niende nipumzishe mkono wiki mbili nirudi."

"Na mgongo?" niliuliza.

"Mgongo gani?"

Alikuwa anataka kwenda Kuala Lumpur.

Na mwenye makosa ni mimi, au simu yangu. Mwezi wa nne nilikuwa nimemwonyesha video ya mwanamume wa huko Malaysia anayetengeneza chai ya maziwa barabarani. Ana vikombe viwili vikubwa vya bati. Anamimina kutoka kimoja hadi kingine, mkono mmoja juu ya kichwa na mwingine karibu na goti, chai inanyooka kama kamba na haimwagiki hata tone. Inaishia na povu juu.

"Huyo anapooza chai vile nilikuwa nakupoozea ukiwa mdogo," Kogo alisema. "Lakini wangu mkono uliishia kifuani. Rudisha nione."

Aliiangalia mpaka bando ikaisha. Baada ya hapo hakuitaja tena, nami nikadhani imepita. Kumbe haikupita. Maisha yake yote amechuna majani, akayapeleka kituoni yapimwe, yakaenda kiwandani, yakaenda ng'ambo, na hakuwahi kuona mtu wa ng'ambo akiyanywa.

"Siku tano tu," aliniambia. "Februari, kiangazi kikikausha majani na hakuna kazi. Watu wawili, kwa sababu siwezi kulala nchi ya watu peke yangu. Bonasi itoshe, na ibaki ya mbolea. Wewe unajua simu. Nitafutie."

Kisha akaniangalia. "Wewe ungeogopa ndege?"

Nilitaka kusema kwamba tangu mwezi wa nne mimi pia nilikuwa nikiangalia ile video, nikiwa peke yangu, na kwamba kuna treni huko inayopita juu ya nyumba. Badala yake nikaangalia moto.

"Sijui," nikasema.

Kogo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

Basi nikaanza kumpangia safari ambayo sikuwa nimealikwa.

Niliacha shule darasa la sita, na Kiingereza changu hakiendi mbali. Lakini video hazihitaji Kiingereza kingi. Nilikuwa nikichuna asubuhi, majani yakishapimwa narudi nyumbani, nakaa kwenye ngazi ya jikoni ambapo mtandao unashika, naangalia watu wakitembea Kuala Lumpur. Naangalia bei iliyoandikwa ukutani nyuma ya mpishi. Naangalia kama waliokaa hapo wamevaa saa kubwa au wamevaa kandambili. Wenye kandambili ndio wanajua pa kula.

Nikajua kwamba kutoka uwanja wa ndege kuna treni ya haraka na kuna basi, na basi ni nafuu mara tatu. Mjini kuna basi zingine za bure kabisa, unapanda tu. Yale majengo mawili marefu, kupanda juu ni pesa nyingi, kuyaangalia kutoka chini ni bure, na shingo ni yako. Kuna pango lenye ngazi mia mbili sabini na mbili zilizopakwa rangi zote, bure pia, lakini nyani wanaiba mandazi. Kuna mkate wa kukaanga unaofanana na chapati, unaliwa na mchuzi wa dengu. Hapo Kogo alifurahi. Alikuwa na wasiwasi wa chakula kuliko wa ndege.

Malazi ndiyo yalitupa shida. Nilipata kitanda cha bei ya chini sana, chumba cha watu sita.

"Hii ni dabodeka," Kogo alisema akivuta simu karibu na macho. "Chelimo, mimi nilale dabodeka? Na nani atalala juu?"

"Yeyote aliyekuja."

"Mwanamume?"

"Kuna chumba cha wanawake peke yao."

"Nikianguka kutoka huko juu wataandika nini Boito? Mwanamke wa miaka sitini na nne ameanguka kitandani Malaysia. Tafuta kingine."

Nikatafuta. Nilipata nyumba ya wageni juu ya duka la vitambaa, chumba kidogo, vitanda viwili vya chini, choo nje ya mlango. Kulikuwa na hatua chache kutoka hapo hadi kwa mwanamume mmoja wa chai. Sijui kama ni yuleyule wa video. Nilihesabu watu waliokuwa wamepanga foleni kwake, nikaona wanatosha.

Siku ya soko tulipeleka habari hizo kwa Eliakim Ogola, mwenye duka la kompyuta pale Mogogosiek. Tunaliita saiba. Eliakim alizaliwa kwenye mistari ya nyumba za wafanyakazi, baba yake alikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi ya chai na hakurudi. Anapenda sana kuchokoza watu.

"Mama Rodah, nyinyi Wakipsigis mnajulikana kwa kukimbia. Kutembea mmeanza lini?"

"Tangu nyinyi mmalize samaki. Fungua hiyo kompyuta."

Eliakim akasoma nilichoandika kwenye karatasi. Alisoma kimya, jambo ambalo si kawaida yake. "Hii nani amepanga?"

"Si huyo hapo," Kogo alisema.

"Chelimo? Hata ameandika basi ni ya kuanzia saa ngapi." Akanitazama. Nikatazama kiatu changu. "Viza hamhitaji, Mkenya anaingia tu. Lakini mtadungwa sindano ya homa ya manjano, mpewe kadi. Bila kadi mnaweza kurudishwa. Na Mama, mmeandika hapa 'mursik lita mbili.' Kibuyu cha maziwa hakipandi ndege."

"Maziwa tu?"

"Maziwa, uji, hata supu. Acha nyumbani. Na huyu mtu wa pili ni nani, ili niweke jina?"

Masikio yangu yakawa moto. Kogo alisema bado anaongea na mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Eucabeth, jirani yetu wa chini, mjane kama yeye, wanaimba pamoja kanisani. Kogo alikwenda kwake jioni moja na akarudi ameridhika.

"Amekubali bila hata kuuliza bei," aliniambia. "Amenishika mkono, akalia. Sikujua Eucabeth anapenda kusafiri hivyo."

Nilisema, "Vizuri, Kogo." Kisha nikaenda kukamua ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa.

Anko Kipkirui, kijana wa mwisho wa Kogo, yuko Nakuru na anauza vipuri vya magari. Alipiga simu karibu kila siku. Hakuikataa safari, lakini hakuielewa. "Mama, peke yako huendi," alikuwa akisema. "Ukienda peke yako nitakuja kukaa kwa mlango." Kogo alimwambia ana Eucabeth, na simu za Anko zikapungua.

Tulidhani mambo yamekaa sawa, hadi Jumapili ile baada ya kanisa.

Nilikuwa jikoni nikaona watu wanaingia kwa lango. Mchungaji Jonah mbele, nyuma yake akina mama wa kanisa na skafu zao, na wazee wawili. Niliwahesabu, watu ishirini na tatu. Mmoja alikuwa na kuku chini ya kwapa. Mwingine alikuwa na kibuyu cha mursik. Hawakuwa wanaongea kwa sauti. Wakaingia sebuleni, wakakaa hata kwenye mikono ya makochi, nami nikaweka birika kubwa motoni.

Nilipoingia na chai, Mchungaji alikuwa amesimama.

"Mama Rodah," alisema kwa sauti ya chini, "umekuwa na siri, na hatukulaumu. Magonjwa mengine mtu anaona haya kuyasema. Lakini dada yetu Eucabeth ametuambia. Amekuona ukitoka hospitali na kadi ya manjano. Na umemwomba akusindikize kwa ndege hadi India."

"Malaysia," Eucabeth alisema akipangusa macho.

"Hospitali ya Malaysia. Ni mbali, lakini Mungu yuko huko pia. Tumechanga kidogo."

Akaweka bahasha kwenye mapaja ya Kogo. Ilikuwa nene. Noti za watu wanaouza majani kwa kilo na maziwa kwa kikombe. Mama mmoja akaanza wimbo, wengine wakaufuata.

Sikuwalaumu hata kidogo. Huku kwetu mtu akipanda ndege kuelekea upande huo, ama anaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, ama anaenda India kutibiwa. Kogo alikuwa mzee sana kwa la kwanza.

Nilimwangalia Kogo. Bibi huyu aliwahi kumwambia karani wa mizani mbele ya foleni nzima kwamba mkono anaoweka kwenye mizani ni mzito kuliko majani. Sasa alikuwa ameshika bahasha kwa vidole viwili, mdomo wazi, na hakuna kilichotoka. Nikaelewa. Angesemaje? Kwamba ni mzima kama chuma, na anataka kutumia bonasi kwenda kunywa chai?

Kama angenyamaza, angepaswa kuwa mgonjwa hadi afe. Kama angesema, angeona haya na safari ingeishia hapo, mbele ya kuku. Akanitazama mimi. Sijui kwa nini alinitazama mimi.

"Kogo si mgonjwa," nilisema.

Wimbo ulikatika sehemu mbaya, mmoja akabaki kwenye sauti ya juu peke yake.

"Umesema nini, mtoto?" Mchungaji aliuliza.

"Si mgonjwa. Ile kadi ni ya sindano tu, kila anayesafiri anapewa. Anaenda kutembea."

"Kumtembelea nani?"

"Hakuna mtu."

"Ana kijana anasoma huko?"

"Hapana."

"Sasa anaenda kufanya nini?"

"Kutembea tu. Kuona. Kuna mtu anamimina chai kutoka juu hivi." Nikainua birika kuwaonyesha, na chai kidogo ikamwagikia kiatu cha mzee mmoja. "Halafu anarudi. Siku tano."

Kisha Kogo akapata sauti yake.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ni mzima. Nilitaka tu kutembea."

Mzee mwenye kiatu kilicholowa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta. "Rodah! Na mimi nimeuza jogoo!" Na hapo nyumba nzima ikapasuka. Bahasha ikafunguliwa na kila mtu akachukua chake, kukawa na ubishi mdogo kuhusu mia mbili ambazo zilidaiwa na akina mama wawili. Kuku peke yake hakurudi. Mchungaji alisema kuku akishaombewa hawezi kurudishwa, tukamla siku hiyohiyo.

Eucabeth ndiye hakucheka. Alimfuata Kogo jikoni.

"Rodah, mimi nilikubali kukuuguza."

"Basi sasa utakuja bila kuuguza. Si ni afadhali?"

"Kuuguza ningeenda hata mwezi mzima. Lakini kutembea?" Akashika kiuno. "Nitamwambia nani anikamulie? Nimwambie nini, kwamba niko Malaysia naangalia nyani? Hapana, dada. Nenda salama."

Kogo hakumbembeleza. Usiku huo hakutaja safari. Jumanne asubuhi akavaa sweta yake nzuri, akaniambia twende saiba.

Eliakim alikuwa amesikia yote, Mogogosiek nzima ilikuwa imesikia. Alijizuia kwa dakika moja hivi. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ogola, nitakuchapa na hii paspoti."

Akageuza skrini tuione. "Bei ya tiketi iko hapo. Leo iko, kesho sijui. Ni wawili?"

"Mmoja," Kogo alisema. Alisema haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba.

"Kipkirui atakubali?"

"Atapiga kelele, atanyamaza. Weka mmoja. Na hiyo nyumba ya wageni uwaambie kitanda kimoja kinatosha."

Eliakim akaanza kuandika jina lake. R, O, D. Anaandika kwa vidole viwili, polepole, na kila herufi nilikuwa naisikia. Akimaliza, angebonyeza, na ingekuwa imekwisha. Kogo angeenda, angerudi, angenisimulia, nami ningemuuliza maswali kana kwamba sijui basi ile inapita wapi. Nikafikiria kwamba Jumapili nilikuwa nimeongea mbele ya watu ishirini na tatu na sikufa.

"Wawili," nilisema.

Eliakim aliinua vidole. Kogo akageuka na kiti chake. "Wawili na nani?"

"Na mimi."

"Wewe si uliniambia unaogopa ndege?"

"Nilisema sijui."

"Sasa Sijui ni lugha gani?" Lakini alikuwa ameshaanza kutabasamu, na sijawahi kuona tabasamu lake likija haraka hivyo. "Mtoto huyu! Eliakim, huyu hana paspoti."

"Jina la kitambulisho linatosha kwa leo. Nambari ya paspoti ataileta. Lakini aende aombe wiki hii, asingoje Krismasi."

Nilisema nina elfu thelathini na moja kwenye simu, za kuchunia watu majani, na kwamba nitalipia chakula changu. Kogo alipunga mkono kana kwamba anafukuza nzi, kisha akasema sawa, chakula, lakini chai ni juu yake. Eliakim akaandika jina langu. Sikuwahi kuliona limeandikwa kubwa hivyo.

Simu ya Kogo ikalia hapohapo. Alikuwa Anko Kipkirui, na Kogo akaweka spika kwa sababu anaamini sauti inafika vizuri zaidi.

"Kipkirui, tulia sasa. Sitaenda peke yangu. Naenda na Chelimo."

"Chelimo? Chelimo wa nini?"

"Wa kunisaidia. Atanishikia simu, atanibebea begi, atanionyesha njia. Yeye mwenyewe unamjua, hataki kitu. Ni kwa ajili yangu tu."

"Ah. Kama ni kukusaidia, sawa. Hiyo naelewa."

Alikubali upesi hivyo. Ningeweza kuacha. Tiketi ilikuwa yangu, na sasa nilikuwa nimepewa sababu pia, sababu nzuri ambayo hata Mchungaji Jonah angeitangaza kanisani na hakuna ambaye angecheka. Ningekaa nyuma yake miaka mingine ishirini bila kuonekana. Eliakim alikuwa ananiangalia juu ya kompyuta, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha usoni.

Nikanyoosha mkono. Kogo akanipa simu, akidhani imekatika.

"Anko, ni Chelimo. Begi nitabeba. Lakini siendi kwa sababu ya begi. Nataka kwenda. Nimetaka tangu ile siku ya kwanza, na hata kama Kogo angekuwa na watu kumi wa kumsaidia, bado ningetaka."